Mikono ya Dereva na Usalama wa Gari la Mradi



Mmezoea kusoma katika jarida hili habari za visima, zahanati na vikundi vya akina mama. Safari hii tumeona vema tueleze jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo, nalo ni namna dereva anavyoshika usukani na mazoea anayokuwa nayo akiwa barabarani. Sababu yetu ni hii: hakuna mradi unaofika usharikani bila barabara. Saruji, chanjo, mafundi, wageni wa sharika rafiki na wagonjwa wa dharura, wote hao usalama wao umo mikononi mwa dereva. Gari likipinduka, watu huumia au hufa, na kazi iliyojengwa kwa miaka mingi husimama.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani duniani kila mwaka. Umoja wa Mataifa nao umeitenga miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa kujitahidi kupunguza vifo na majeruhi hao kwa nusu.

Ajali huwa na sababu nyingi, lakini jambo la ghafla likitokea muda wa kutenda ni mfupi sana. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde. Dereva anayehitaji sekunde moja tu kurudisha mkono wake kwenye usukani, gari lake limekwisha kupita urefu wa kanisa la mtaa.

KUKAA VIZURI NDIO MWANZO

Dereva asiyekaa vizuri hawezi kushika vizuri. Kipimo chake ni rahisi. Dereva aegemeze mgongo wote kwenye kiti, kisha anyooshe mkono juu ya usukani. Kifundo cha mkono kikifika kwenye ukingo wa juu wa usukani bila bega kuondoka kwenye kiti, umbali unafaa. Akishika mahali pa kawaida, viwiko vitakuwa vimekunjwa kidogo.

Kwa magari yenye mfuko wa hewa ndani ya usukani, kifua kiwe mbali na katikati ya usukani kwa sentimita 25 au zaidi. Mfuko huo hujaa katika muda usiofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Huokoa maisha ya aliyefunga mkanda na kukaa mbali kidogo, lakini unaweza kumwumiza aliyeuinamia.

MIKONO IKAE WAPI?

Walimu wa udereva hufananisha usukani na uso wa saa ya ukutani. Hapa tutahadhari na lugha yetu. Tunataja namba zilizoandikwa kwenye saa, si saa kama tunavyozisoma kwa Kiswahili, kwa maana mshale ukiwa kwenye namba 9 sisi husema ni saa tatu. Vilevile mwalimu akisema kwa haraka "shika kumi na mbili", mwanafunzi anaweza kupeleka mikono yote miwili juu kabisa. Ni afadhali kumwonyesha kwa vitendo.

Kwa miaka mingi madereva walifundishwa kuweka mkono wa kushoto kwenye namba 10 na wa kulia kwenye namba 2. Mafundisho hayo yalifaa wakati usukani ulikuwa mkubwa na mzito, na dereva alihitaji kuuvuta kwa nguvu za mabega. Siku hizi magari mengi yana pawa stelingi, usukani ni mdogo, na katikati yake kuna mfuko wa hewa. Mfuko ukifumuka, mikono iliyo juu inaweza kurushwa usoni mwa dereva au kuvunjika. Kwa hiyo wataalamu wengi sasa hushauri namba 9 na 3, yaani mikono iwe pande mbili za usukani, usawa mmoja.

Magari mengi yanayotumika vijijini ni ya zamani na hayana mfuko wa hewa. Hata hivyo 9 na 3 hufaa pia. Mikono ikiwa hapo, dereva anaweza kuzungusha usukani karibu nusu ya mzunguko, kulia au kushoto, bila kuuachia. Anaweza kukwepa mbuzi na kurudi njiani kwa mkupuo mmoja, huku akijua wakati wote matairi yameelekea wapi.

NJIA TATU ZA KUGEUZA

Ya kwanza ni kuvuta na kusukuma. Dereva akikata kona ya kulia, mkono wa kulia hupanda hadi karibu na namba 12, hushika na kuvuta kwenda chini, huku wa kushoto ukiteleza chini bila kukaza. Ikifika chini, wa kushoto hushika na kusukuma kwenda juu, na wa kulia huteleza kurudi juu. Mikono haipishani kamwe. Njia hii ina utulivu, na abiria hawayumbishwi. Madereva wa polisi Uingereza wamefundishwa hivyo kwa miaka mingi.

Ya pili ni kupitisha mkono juu ya mkono. Hii hufaa mwendo ukiwa mdogo na nafasi ikiwa finyu, kama kugeuza gari kwenye ua wa zahanati, au gari likiteleza na usukani ukahitaji kuzungushwa upesi. Kwenye kona za mwendo mkubwa haifai.

Ya tatu ni mkono mmoja, nayo ni ya kurudi nyuma. Dereva hugeuka kutazama kioo cha nyuma, mkono wa kulia ukishika juu ya usukani, mwendo ukiwa wa polepole.

Kugeuza usukani kwa kiganja kimoja kilichobandikwa juu yake ni mazoea mabaya yaliyoletwa na wepesi wa pawa stelingi. Injini ikizimika ghafla, msaada wa pawa stelingi hukatika na usukani huwa mzito, wala kiganja hakitaweza kuuzungusha. Aidha, kugeuza usukani gari likiwa limesimama husaga matairi na kuchosha viungo vya usukani. Gari likiachwa lisogee kidogo, usukani huwa mwepesi na viungo hudumu.

BARABARA ZETU

Kwenye barabara za mawe na makorongo, vidole gumba vikae juu ya ukingo wa usukani, visizame kwa ndani. Tairi la mbele likigonga jiwe, usukani unaweza kurudi kwa nguvu, na vyuma vyake vya katikati vikakipiga kidole hadi kikateguka au kuvunjika.

Kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi kama bati, matairi hurukaruka na kupoteza mshiko. Dereva ashike kwa mikono miwili bila kukaza mno, apunguze mwendo, na asikate kona kwa ghafla.

Masika yana hatari yake. Gari likipita ndani ya mifereji ya magurudumu iliyochimbika kwenye tope, usukani unaweza kuwa umegeuzwa bila dereva kutambua, maana gari huendelea kufuata mfereji. Matairi yakipata ardhi ngumu, gari huruka upande mmoja. Abiria wa mbele anaweza kusaidia kwa kuchungulia dirishani na kumweleza dereva matairi yameelekea wapi.

Magurudumu ya kushoto yakitoka nje ya lami, kosa kubwa ni kuvuta usukani kwa ghafla ili kurudi. Magari marefu kwenda juu, kama Land Cruiser za miradi, hupinduka kirahisi kwa namna hiyo. Dereva ashike imara, aondoe mguu kwenye mafuta, mwendo upungue, ndipo arudi taratibu mahali ambapo ukingo si mrefu. Na tairi likipasuka ni vivyo hivyo: mikono miwili, gari linyooke, breki isikanyagwe kwa nguvu, liachwe lipunguze mwendo lenyewe.

TABIA ZA DEREVA

Kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, dereva hukaa kulia. Kiwiko cha kulia hupata dirisha, na mkono wa kushoto hupata kishikio cha gia. Hivyo usukani hubaki na vidole viwili au vitatu tu. Zaidi ya hapo, uzito wa mkono uliolazwa kwenye gia husukuma vyuma vya ndani ya giaboksi na kuvila polepole. Mkono ukimaliza kubadili gia, urudi kwenye usukani.

Simu ni hatari zaidi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa dereva anayetumia simu huwa katika hatari ya ajali mara nne hivi kuliko asiyetumia, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi si salama zaidi sana, kwa sababu mawazo yake yako kwa anayezungumza naye. Mara nyingi anayempigia ni mwenyeji anayesubiri, akiuliza, "Mmefika wapi?" Swali hilo aulizwe abiria.

Uchovu nao huonekana mikononi. Dereva mwenye usingizi huacha gari lipotee kidogo kidogo, kisha hulirudisha kwa kushtuka. Kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio si dawa. Asimame mahali salama alale kwa dakika 15 au 20, na abiria wawe na subira.

TUNACHOOMBA KWENU

Tabia za dereva hukuzwa, na pengine huharibiwa, na wale anaowabeba. Kwa sababu hiyo tunaziomba kamati za sharika zifanye yafuatayo:

1. Msimwite dereva kwa simu akiwa njiani. Pigeni kwa abiria.

2. Mgeni wa mbele atazame mikono. Akiona kasoro aseme kwa heshima, si kwa kumwaibisha dereva mbele ya watu. "Mzee, tuna muda, twende taratibu" inatosha.

3. Dereva apewe chakula na mahali pa kupumzika sawa na wageni wengine. Asiachwe nje akilinda gari wakati wengine wanakula.

4. Usukani ukitetemeka, ukivuta upande mmoja au ukiwa na mchezo mkubwa, iandikwe kwenye kitabu cha safari na gari lipelekwe kwa fundi. Yaweza kuwa upepo wa matairi, au tairodi na boljointi zilizokwisha.

5. Tunaomba kabla ya kila safari, nayo ni desturi njema. Abiria wote wawe wamefunga mikanda kabla sala haijaanza.

Kwa wafadhili wetu tuna maombi mawili. La kwanza ni ratiba. Ziara ya sharika tano kwa siku moja hupendeza kwenye karatasi, lakini humlazimisha dereva kukimbia jioni, mwanga ukiwa hafifu na mifugo ikirudi nyumbani. Sharika mbili zilizotembelewa kwa utulivu zina faida zaidi. La pili ni bajeti. Mafunzo ya kujikumbusha kwa madereva hutolewa na vyuo kama VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Kifungu cha mafunzo, matairi na matengenezo ya usukani kisihesabiwe kuwa gharama za ofisi za kupunguzwa kwanza, bali sehemu ya mradi wenyewe, sawa na mabomba ya kisima.

Mazoea ya mikono hubadilika kwa kukumbushwa kila siku, si kwa semina moja. Tunawaomba katika kikao kijacho cha kamati mlisome jambo hili pamoja na dereva wenu akiwepo, mkamsikilize yeye kwanza, kwa sababu ndiye anayeijua barabara.