Kusimama karibu na mgonjwa wa tezi ya shingo

Katika vijiji vyetu, toka Baraka kando ya ziwa Tanganyika mpaka Fizi juu milimani, mama akianza kuchoka bila sababu watu hawakawii kuhukumu. Wengine husema ni mvivu, wengine kwamba amerogwa ao amekula sumu. Kiisha munganga anapima damu na kumwambia: mwili wako unapigana na tezi yako mwenyewe. Habari hiyo inashangaza kuliko sumu. Kwa hiyo tumeona vema kueleza ugonjwa huu, na namna rafiki, awe padri, katekista ao jirani, anavyoweza kumsaidia mgonjwa.

Tezi hiyo huitwa tiroide. Inakaa mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, na umbo lake ni kama kipepeo. Inatoa homoni inayoongoza mwendo wa mwili wote: joto, moyo, tumbo. Mwilini mna askari wa kutulinda na vijidudu. Kwa watu fulani, na zaidi wanawake, askari hao hugeuka na kuishambulia tezi. Mara nyingi inadhoofika polepole. Ndio ugonjwa alioueleza Hakaru Hashimoto wa Japani mwaka 1912. Mgonjwa anaona baridi hata katika joto la Baraka, ananenepa, anafunga choo, anahuzunika. Mara nyingine tezi inachochewa kupita kiasi: moyo unakimbia, mikono inatetemeka, mtu anakonda, na macho yanaweza kutokeza. Huo Waingereza huuita ugonjwa wa Graves, na wanganga waliosoma Kifaransa husema Basedow. Wala huu wala ule hauambukizi.

Tusiuchanganye na goita ya kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, ambayo wataalamu Wabelgiji kama Delange na Ermans waliichunguza tangu miaka ya 1960. Kule shida ilikuwa upungufu wa iodini, pamoja na sumu ya muhogo usiotayarishwa vema. Mgonjwa wetu hataponywa kwa kuongezewa iodini. Ikizidi yaweza hata kumdhuru. Wala rafiki asimnyang'anye bugali yake.

Yule ambaye tezi yake imelegea hupewa kidonge cha levotirosini, kila siku, na kwa kawaida maisha yote. Hapa ndipo urafiki unapopimwa. Nguvu zikirudi, majirani watamwambia: Umepona, acha dawa. Akiacha, siku za kwanza haoni kitu, maana dawa inatoka mwilini polepole. Majuma yakipita uchovu unarudi, na wale wale watasema kwamba sumu imeamka. Rafiki aje wakati huo, na asianze na mahubiri juu ya uvumilivu. Aulize kwanza kama maji yamechotwa.

Kidonge humezwa asubuhi kwa maji matupu, nusu saa ao saa moja mbele ya chai. Dawa ya damu yenye chuma, wanayopewa wajawazito, inakizuia. Zitenganishwe kwa saa 4. Mama akishika mimba amwambie munganga mara moja, kwani mara nyingi kipimo huongezwa. Wako wanaoogopa kumeza kidonge mbele ya Komunyo. Katekista awaambie wazi: maji na dawa havivunji mfungo (kanuni 919).

Damu hupimwa tena majuma 6 hadi 8 baada ya kubadili kipimo cha dawa. Si kila kituo cha afya kinaweza kazi hiyo, na tangu vita vilipofika Bukavu mwezi wa pili 2025, safari ya huko haipangwi kirahisi. Basi twashauri mgonjwa awe na akiba ya miezi miwili, mbali na joto na unyevu, na karatasi yenye jina la dawa na mikrogramu zake. Watu wa Fizi wanajua kukimbia. Wengi walivuka ziwa mpaka kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Munganga wa ng'ambo hawezi kukisia.

Kwa yule ambaye tezi yake inakimbia, jambo moja lapita yote. Vidonge vya kuituliza, kama karbimazoli, mara chache sana humaliza chembe nyeupe za damu. Kwetu kila homa huitwa malaria. Mgonjwa huyo akipata homa na koo kuuma, asingoje kesho: aache vidonge hivyo, apelekwe siku ile ile kupimwa damu, na anayemsindikiza ataje dawa hiyo mlangoni, kabla mtu hajatamka neno malaria.