Shule zinafungua nini? Kitenzi na shamirisho lake

KILA muhula mpya unapokaribia, sentensi moja husikika redioni, sokoni na ndani ya matatu: “Shule zinafungua Jumatatu.” Wanaoitamka si wageni wa Kiswahili. Ni wazazi, watangazaji, walimu na hata wanafunzi wangu wa chuo kikuu. Nami huwauliza: Shule zinafungua nini? Mlango? Sanduku? Darasa hucheka, lakini swali lenyewe si la mzaha. Linatupeleka moja kwa moja kwenye tofauti ya vitenzi elekezi na vitenzi si elekezi.

Kitenzi elekezi ni kile ambacho tendo lake hutoka kwa mtenda na kumfikia mtendwa. Ukisema “Juma amevunja,” msikilizaji hubaki akingoja: amevunja nini? Kijazo cha pengo hilo ndicho tunachokiita shamirisho. Kitenzi si elekezi hakina pengo hilo. “Mtoto ameanguka” ni sentensi kamili; hakuna anayeuliza “ameanguka nini?”

Kiswahili kina kipimo rahisi cha kuthibitisha jambo hili, nacho ni kiambishi cha shamirisho. Tunasema “amekivunja kikombe” lakini hatuwezi kusema “amekianguka kikombe.” Kipimo hiki hutusaidia hata pale shamirisho linapofichwa. “Mama anapika” haina shamirisho linaloonekana, ila kwa kuwa twaweza kusema “anakipika chakula,” tunajua kwamba pika ni kitenzi elekezi.

Sasa tuvuke kwa Mwingereza. Yeye ana vitenzi vingi vinavyokaa pande zote mbili bila kubadilika umbo. Husema ‘She opened the door’ na pia ‘The door opened.’ Ndivyo zilivyo ‘break’, ‘boil’, ‘burn’ na ‘close’. Maana hutambuliwa kwa mpangilio wa maneno tu. Sisi kwa kawaida hatufanyi hivyo. Kiswahili hukibadilisha kitenzi chenyewe: alifungua mlango, mlango ulifunguka, alivunja kikombe, kikombe kilivunjika, maji yamechemka, mpishi ameyachemsha. Chukua anguka uone. Ukiongeza usababishi, unapata “ameangusha sahani.” Ukitumia kauli ya kutendea, unapata “mti umeliangukia gari.” Mzizi ni mmoja, ila kiambishi tamati ndicho kinachoamua kama shamirisho litaingia. Vitenzi kama anza, vinavyokubali “mwalimu ameanza somo” na “somo limeanza,” ni vichache.

Kwa hivyo “shule zinafungua” ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Waama, shule zinafunguliwa. Vivyo hivyo, mkutano haujamaliza. Umeisha au umemalizwa.

Lakini tusidhani kwamba athari ni ya upande mmoja. Kiswahili nacho, na lugha zetu nyingine za mama, hulipiza kisasi katika Kiingereza cha Wakenya. Mwanafunzi hurejea kutoka ziara na kuandika ‘We enjoyed.’ Kichwani mwake kuna “tulifurahi,” kitenzi kinachojitosheleza. Kumbe ‘enjoy’ ni kitenzi elekezi. Ukiacha ile amri fupi ya mhudumu anayekuletea chakula mezani, Kiingereza sanifu hudai ulifurahia nini: ‘We enjoyed the trip.’ Mwingine husema ‘Explain me this,’ kwa sababu “nieleze” humchukua msikilizaji kama shamirisho bila taabu. ‘Explain’ haimpokei mtu kwa njia hiyo. Lazima useme ‘to me.’ Na wengi wetu husema ‘discuss about’ kwa kufuata “zungumza kuhusu,” ilhali ‘discuss’ haihitaji kihusishi, sawa kabisa na jadili: tunajadili suala, hatujadili kuhusu suala.

Msomaji atauliza, haya yote yana faida gani nje ya chumba cha mtihani? Yana faida kubwa. Linganisha sentensi tatu: “Askari alivunja dirisha,” “Dirisha lilivunjwa,” “Dirisha lilivunjika.” Ya kwanza inamtaja mtenda. Ya pili inamficha, lakini inakiri kwamba yupo, unaweza kuuliza “lilivunjwa na nani?” Ya tatu haimwachii mtenda nafasi yoyote. Ni kana kwamba dirisha lilijivunjikia.

Sasa soma taarifa za wakubwa wetu. Fedha za umma “zimepotea.” Bunduki “ilifyatuka.” Faili “zimechomeka.” Mradi “umekwama.” Wakati mwingine hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, kwa maana ajali hutokea. Lakini mara nyingi kuna mtu aliyepoteza, aliyefyatua, aliyechoma na aliyekwamisha, na kiambishi kimoja kidogo kimemwondoa kwenye sentensi kabla hajafikishwa mahakamani.

Kwa hivyo nawasihi walimu wasifundishe mada hii kama orodha ya kukariri. Wampe mwanafunzi gazeti, wamwambie apige mstari chini ya kila kitenzi kisha aulize maswali mawili: nani ametenda, na nani ametendwa? Atakayezoea kuuliza hivyo ataandika Kiswahili safi na Kiingereza safi, na akiwa mtu mzima haitakuwa rahisi kumdanganya.