Vumbi la Breki Halitoki kwa Kusugua

Angalia gari dogo lolote lililokaa wiki mbili bila kuoshwa: rimu za mbele zimekuwa nyeusi kuliko za nyuma. Barabara ni ileile, na matope yamerukia magurudumu yote manne, lakini weusi umekaa mbele. Gari linapofunga breki, uzito wake huegemea mbele, kwa hiyo breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi, na kila zinapoifanya huacha unga. Mtu anayeusafisha unga huo kama anavyosafisha matope huishia kuiharibu rangi ya rimu huku akiamini anaitunza.

Nyuma ya rimu kuna diski ya chuma cha kusubu, na kuna kalipa inayoibana diski hiyo kwa pedi mbili. Pedi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa gundi ngumu, madini, grafaiti na mara nyingi nyuzi za metali. Dereva akikanyaga breki, pedi na diski zote mbili hulika. Ndiyo maana diski hupungua unene mwaka hadi mwaka, na ndiyo maana weusi ule wa kwenye rimu, kwa sehemu kubwa, ni chuma. Umoja wa Ulaya ulipopitisha kanuni za Euro 7 mwaka 2024, kwa mara ya kwanza uliweka kikomo cha chembe laini zinazotoka kwenye breki: miligramu 7 kwa kilomita kwa magari mengi ya abiria, na 3 kwa magari ya umeme, ambayo mota zake husaidia kupunguza mwendo. Miligramu 7 zinaonekana si kitu. Lakini gari linalotembea kilomita 15,000 kwa mwaka kwa kiwango hicho hutoa gramu 105 za chembe hizo, na hizo ni zile laini tu. Nyingine hupeperuka, nyingine huanguka barabarani, na zilizobaki hutua kwenye rimu.

Chembe hizo hutoka zikiwa za moto. Zikitua juu ya rangi, nyingine hukaa juujuu, nyingine hujishindilia ndani ya klia, lile tabaka la juu kabisa lisilo na rangi ambalo hulinda rangi yenyewe na kuipa mng'ao. Klia ni nyembamba mno. Unene wake ni kama mikroni 50, yaani sehemu ya ishirini ya milimita moja. Chembe ya chuma iliyokwama humo ikipata unyevu hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Basi chembe huvimba palepale ilipo na kulipanua tundu lake. Baada ya miezi michache rimu ya rangi ya fedha huwa na vidoa vya kahawia ambavyo sabuni haiviondoi. Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, ambako hewa ina chumvi mwaka mzima, jambo hili huenda haraka zaidi. Na kama rimu imegonga ukingo wa barabara na klia ikapasuka, unyevu wenye chumvi huingia chini ya rangi na kutambaa kwenye aloi, ukiacha mistari myeupe inayojipinda chini ya klia. Hapo hakuna dawa ya kuosha tena. Rimu inahitaji kukwanguliwa na kupigwa rangi upya.

Nimekaa karibu na kazi ya rangi za magari muda wa kutosha kusema hivi bila kusita: rimu nyingi zinazoletwa kurudishiwa rangi hazikuharibiwa na breki wala na barabara. Zimeharibiwa na waliozisafisha.

Kosa la kwanza ni kusugua rimu ikiwa kavu. Kitambaa kikavu juu ya unga wa chuma ni msasa. Kila mzunguko wa mkono unachora klia, na michoro hiyo midogo ndiyo inayoifanya rimu nyeusi ionekane ya kijivu ikipigwa na jua. Kibaya zaidi ni kutumia waya wa kusugulia masufuria. Huo hukwaruza mara moja, kisha huacha nyuzi zake za chuma kwenye mikwaruzo uliyoifanya, nazo zinashika kutu zenyewe. Anayeutumia anaongeza kile alichokuja kukiondoa.

Kosa la pili ni dizeli na mafuta ya taa. Ukiyapaka, rimu hung'aa mbele ya mteja na kazi huonekana imekwisha. Mafuta hayo huyeyusha grisi na lami, lakini chuma hayakigusi. Huacha utando unaonasa vumbi la siku inayofuata, na polepole hulegeza mpira wa tairi. Tone likifika kwenye diski, gari halisimami pale ulipotarajia lisimame. Sioni sababu yoyote ya dizeli kukaribia gurudumu.

Kosa la tatu ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu halimalizikii kwenye gari. Ni asidi. Wapo wanaotumia maji ya betri, ambayo ni asidi ya salfa. Wapo wanaotumia dawa za kusafishia choo, na nyingi kati ya hizo zina asidi ya haidrokloriki. Asidi huyeyusha kutu na vumbi la breki kweli, tena haraka, na ndiyo maana inapendwa. Klia isiyo na jeraha inaweza kuivumilia kwa muda mfupi. Lakini rimu inayotembea barabarani haikosi jeraha: jiwe limeruka, spana imeteleza kwenye tundu la nati, ukingo umeguswa. Asidi hupenya hapo na kuila aloi chini ya rangi, na rangi hubanduka wiki kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka kilichopakwa. Nati, diski na vyuma vya kalipa navyo hupata sehemu yao. Dawa kali za kuoshea injini zenye kostiki soda zina balaa hilohilo kwa upande wa pili, kwani aloi ya alumini haistahimili asidi kali wala kostiki kali.

Kuna dawa za viwandani za rimu zenye asidi ya haidrofloriki au chumvi zinazoizalisha. Ukikuta kwenye chupa herufi HF au neno lolote lenye "fluor" ndani yake, irudishe rafuni. Asidi hii hupita kwenye ngozi na maumivu yake huweza kuchelewa kwa saa kadhaa, huku ikiendelea kushika kalsiamu ya mwili hadi kuvuruga mapigo ya moyo. Kijana anayeosha magari kwa mikono mitupu hastahili kupewa kitu cha namna hiyo ili rimu ya mtu ing'ae.

Njia salama haihitaji nguvu. Inataka mpangilio na subira ya nusu saa hivi. Kwanza, gurudumu lipoe. Gari lililotoka kushuka Kitonga au mteremko wa Mai Mahiu lina diski za moto sana, na kuzimwagia maji ya baridi ghafla kunaweza kuzipinda. Utalijua hilo siku usukani utakapoanza kutetemeka kila ukifunga breki. Hata safari fupi ya mjini huacha joto la kutosha kukausha dawa kabla haijafanya kazi. Egesha kivulini, kisha weka mgongo wa mkono kwenye rimu. Ukihisi uvuguvugu tu, au ubaridi, anza.

Magurudumu huoshwa kabla ya bodi, moja baada ya jingine. Yawe na ndoo yake, brashi yake na vitambaa vyake, na vitu hivyo visiguse bodi kamwe. Sponji lililopita kwenye rimu limebeba chuma, na chuma hicho kitachora mlango. Mwaga maji mengi kwanza, kuanzia juu, yaingie kati ya spoku na nyuma yake. Kama una mashine ya presha, iweke umbali wa sentimita 30 hivi, wala usiielekeze kwenye valvu, kwenye ukuta wa tairi au mahali ambapo rangi imeanza kuachia, kwa sababu maji yenye nguvu huinua rangi iliyolegea na kuibandua. Kisha tumia shampuu ya magari iliyochanganywa na maji, na brashi ya nywele laini kabisa. Anza na sehemu ya ndani ya rimu, halafu nyuma ya spoku na matundu ya nati, na malizia na uso wa mbele unaoonekana. Ukiona vipande vidogo vya risasi vilivyobandikwa kwa ndani, usivibandue. Ndivyo vinavyoshika balansi ya gurudumu.

Kwa rimu inayooshwa kila wiki au kila baada ya siku kumi, hapo pametosha. Kwa iliyokwisha kushika vidoa vya kahawia, kuna dawa za kuyeyusha chuma ambazo si asidi kali wala kostiki. Kiini chake huwa ni thaioglaikoleti ya amoniamu au ya sodiamu, kemikali inayoshikana na chuma na kukigeuza kiwe kitu kinachoyeyuka majini. Ukiipuliza kwenye rimu, baada ya dakika moja au mbili hugeuka zambarau kila penye chuma. Rangi hiyo ni dalili kwamba inafanya kazi, na ndiyo inayokuonyesha pale ambapo bado. Harufu yake ni nzito, na yeyote aliyewahi kukaa saluni ataitambua, kwa sababu kemikali ya jamii hiyohiyo ndiyo iliyomo kwenye dawa ya kalikiti. Soma muda ulioandikwa kwenye chupa na usiuzidishe. Dawa isikaukie juu ya rangi. Vaa glavu, simama upande upepo unakotoka, na usiichanganye na dawa nyingine yoyote. Kisha suuza kwa maji mengi kuliko unavyodhani yanahitajika. Vidoa vikibaki, rudia siku nyingine badala ya kuongeza nguvu ya mkono.

Kabla ya yote hayo, hakikisha rimu yako imepakwa rangi kweli. Spoti rimu nyingi zilizokuja na gari kutoka kiwandani zina rangi na klia, lakini zipo za alumini tupu iliyong'arishwa, na zipo za kromu. Sugua sehemu ndogo iliyojificha kwa kitambaa cheupe chenye polishi kidogo: kitambaa kikiwa cheusi, unagusa alumini tupu, na hiyo hushika doa kwa kemikali ambazo rangi inazivumilia.

Rimu ikishakaushwa kwa kitambaa laini, paka nta au silanti ya rimu. Nta ya kawaida ya bodi hulegea mapema kwenye joto la breki, kwa hiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya rimu ni bora. Faida yake utaiona katika kuosha kunakofuata, vumbi litakapoondoka kwa maji na povu peke yake. Lakini dawa hizo, pamoja na silikoni ya kung'arishia tairi, zipakwe kwa kitambaa, zisipulizwe ovyo. Diski na pedi zisipate hata tone.

Na mapafu nayo yafikiriwe. Pedi za zamani, na baadhi ya zile za bei ya chini zinazouzwa bila maelezo ya kueleweka, zinaweza kuwa na asbesto, ambayo nyuzi zake husababisha saratani. Hata isipokuwepo, chembe hizi ni ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Kwenye magari kama Vitz na Passo, breki za nyuma mara nyingi ni za dramu, na vumbi lake halionekani kwenye rimu kwa sababu limefungiwa ndani. Fundi akifungua dramu na kuipuliza kwa kompresa, vumbi la miaka yote hiyo huruka usoni pake na pa kila aliye karibu. Vumbi hilo liloweshwe kwanza, lifutwe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa kitupwe.

Wenye magari yaliyoagizwa Japani mara nyingi hugundua kwamba rimu zilianza kuwa nyeusi haraka baada ya kubadilisha pedi. Hilo lina maelezo. Pedi zilizofungwa kwa ajili ya soko la Japani kwa kawaida zina metali kidogo na hutoa vumbi hafifu, wakati nyingi za badala zina nyuzi za chuma kwa wingi. Ukinunua nyingine, uliza aina yake. Pedi za seramiki hugharimu zaidi, lakini vumbi lake ni kidogo na halina uchu wa kung'ang'ania rangi.

Kuosha rimu kwa mkono kuna manufaa mengine: macho yako yanakuwa karibu na breki. Chungulia kati ya spoku uone pedi imebaki unene gani. Ikifika milimita 3, muda wa kuibadilisha umewadia. Linganisha pia rimu mbili za mbele. Zinapaswa kuwa na weusi unaokaribiana. Moja ikichafuka upesi kuliko mwenzake, au ukihisi joto lake kubwa zaidi baada ya safari, huenda kalipa ya upande huo imekwama na pedi inaendelea kuila diski hata usipokanyaga breki. Mpelekee fundi wa breki ainue gurudumu hilo kwa jeki na kulizungusha kwa mkono, kabla hujafunga safari ndefu.