Karantini ya samaki wa mapambo katika maji baridi ya Kamenu

Samaki wa mapambo aliyenunuliwa Nairobi na kuletwa Kamenu, mjini Thika, ndani ya mfuko wa plastiki, anaweza kuonekana mzima kabisa ilhali amebeba vimelea ambavyo havijajitokeza, ndiyo maana wafugaji makini humweka kwanza katika tangi la karantini, yaani tangi dogo lililotengwa na akwaria kuu. Ushauri wa kumtenga kwa majuma mawili hutolewa mara nyingi, lakini katika nyanda za juu muda huo ni mfupi mno.

Ugonjwa wa madoa meupe unaonyesha kwa nini. Husababishwa na kimelea chenye seli moja, Ichthyophthirius multifiliis, ambacho hukua ndani ya ngozi ya samaki, kisha hudondoka, hunata penye kitu kigumu na kugawanyika kuwa mamia ya vimelea vichanga vinavyoogelea kutafuta samaki mwingine, na dawa za kawaida huviua vikiwa katika hatua hiyo ya kuogelea tu. Katika maji ya nyuzi 25 za Selsiasi mzunguko huo huchukua siku 3 hadi 6. Katika nyuzi 10 huzidi mwezi. Thika, iliyo takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, haina baridi kali kiasi hicho, lakini usiku wa Julai maji ya tangi lisilo na hita hupoa vya kutosha kuchelewesha dalili. Kwa hiyo samaki wa maji ya joto huhitaji hita ya kudumisha nyuzi 25 au 26 na karantini ya majuma manne, na wale wa maji baridi, kama koi, ni busara kuwaongezea mawili zaidi.

Tangi lenyewe si ghali: lita 40 huwatosha samaki wachache wadogo, sakafu huachwa wazi ili uchafu uonekane, na kipande cha bomba la plastiki huwapa maficho, kwa kuwa hofu hudhoofisha kinga ya mwili. Kinachopuuzwa zaidi ni kichujio. Samaki hutoa amonia, sumu ambayo bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo pia ni sumu, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua majuma kadhaa kustawi, hivyo sifongo ya kichujio hukaa kwanza katika akwaria kuu, na ikishahamishiwa karantini hairudi huko kabla ya kusafishwa kwa dawa na kukaushwa kabisa. Wavu na ndoo za karantini nazo hazitumiki kwingine.

Maji ya mfereji yaliyotiwa klorini huachwa wazi kwa siku nzima kabla ya kutumiwa. Yale yanayotolewa tangini hayafai kumwagwa kwenye mitaro inayoteremka hadi mto Chania, ambao huungana na mto Thika na hatimaye kufika Tana, kwani samaki wa mtoni hawana karantini ya kuwakinga.