Kuzima viyoyozi kwa simu: Akiba ipo, lakini kompresa isije ikawa mhanga

WAMILIKI wa nyumba za wageni, maduka na ofisi ndogo katika miji ya joto kama Dar es Salaam, Tanga na Mtwara wanajua vizuri uniti zao za LUKU zinaishia wapi. Hata taa zikibadilishwa zikawa za wati chache, kiyoyozi hubaki kuwa mlaji mkuu wa umeme. Kibaya zaidi, sehemu ya ulaji huo hufanyika wakati hakuna mtu anayepoozwa. Mgeni yuko ufukweni, karani amekwenda kula, au duka limefungwa na aliyekuwa wa mwisho kutoka amesahau kubonyeza rimoti.

Katika maduka ya vifaa vya umeme kuna bidhaa nyingi ndogo zinazouzwa kwa ahadi ya kumaliza tatizo hilo: soketi zinazozimwa kwa simu ya mkononi, swichi zinazopokea amri kwa waifai, vihisi vya mlango na vifaa vinavyoiga rimoti. Vifaa hivyo vinafanya kazi. Hata hivyo, tofauti kati ya kile kinachookoa fedha na kile kinachoua mtambo haiandikwi kwenye boksi. Mfanyabiashara asiyeijua anaweza kuokoa uniti kwa miezi kadhaa, kisha akamlipa fundi akiba yote kwa siku moja.

Hesabu ya nyumba ya vyumba 20

Ichukuliwe nyumba ya wageni yenye vyumba 20, kila chumba na kiyoyozi cha BTU 12,000. Kiyoyozi cha kawaida cha ukubwa huo huvuta takriban wati 1,100 kompresa inapozunguka. Kwa kuwa kompresa hupumzika kila chumba kinapofikia baridi iliyowekwa, wastani wa wati 600 kwa saa unatosha kwa makadirio.

Ikiwa vyumba 12 vina wageni, na kila kiyoyozi huachwa kikiunguruma saa tano kwa siku bila mtu ndani, uniti 36 hupotea kila siku. Kwa makadirio ya shilingi 350 kwa uniti, hizo ni shilingi 12,600 kwa siku, sawa na shilingi 378,000 kwa mwezi wa siku 30.

Hakuna mtambo utakaookoa zote. Ukiokoa theluthi mbili, akiba ni shilingi 252,000 kwa mwezi. Ikiwa vifaa na ufundi vitagharimu shilingi 150,000 kwa chumba, mtaji utakuwa shilingi milioni 3, nao utarudi baada ya miezi 12 hivi. Kila mmiliki ataweka bei za kwake, lakini njia ya hesabu ni hiyo hiyo.

Upande wa pili wa daftari uko hivi: kompresa moja ikiungua, na kuibadilisha pamoja na gesi na ufundi kukagharimu shilingi 450,000, akiba ya karibu miezi miwili ya jengo zima imekwenda. Zikiungua tatu katika mwaka wa kwanza, karibu nusu ya akiba ya mwaka haipo tena. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mnunuzi ni namna kifaa kinavyozima. Bei ya kifaa chenyewe ni swali la pili.

Kuzima si kukata

Kompresa hubana gesi upande mmoja ikawa na shinikizo kubwa kuliko upande wa pili. Inaposimama, pande hizo mbili huchukua kama dakika tatu kusawazika. Ikilazimishwa kuanza kabla ya hapo, mota husukumana na shinikizo, hukwama, huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida na kupata moto. Ndiyo sababu vifaa vya kulinda friji dhidi ya umeme unaopanda na kushuka huchelewesha dakika chache kabla ya kuruhusu umeme kupita.

Viyoyozi vingi vya kisasa vina kichelewesho hicho ndani yake. Vile vya zamani vya dirishani, vinavyowashwa kwa kitasa cha kuzungusha, mara nyingi havina. Kikiunganishwa na soketi ya simu, mtu mmoja akazima na mwingine akawasha papo hapo, kompresa ndiyo inayoumia.

Tatizo la pili ni la swichi yenyewe. Ampia 10 au 16 zinazoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni za mzigo mwepesi kutawala, kama pasi au hita. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huvuta kama ampia 5 kikishaendelea, lakini kompresa ya kawaida huvuta mara kadhaa ya hapo wakati wa kuanza. Vidole vya kupitisha umeme ndani ya swichi ndogo hupigwa cheche kila mara, na mwishowe vinaweza kugandana. Hapo simu huonyesha kwamba mtambo umezimwa, kumbe unaendelea kufanya kazi. Mahali ambapo ni lazima kukata umeme wa mtambo, swichi ndogo huachiwa kazi ya kuamuru tu, na mzigo hubebwa na kontakta iliyotengenezwa kwa ajili ya mota. Hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

Tatu, viyoyozi vya inveta vina kadi za elektroniki ambazo zimepangiwa kusimamisha mota kwa utaratibu wake. Kuvikatia umeme kila siku vikiwa vinazunguka ni kuvitumia kinyume na vilivyoundwa.

Njia salama kwa viyoyozi vya rimoti ni kifaa kinachotoa ishara ile ile ya rimoti. Kifaa hicho huwekwa ukutani mahali kinapokiona kiyoyozi, hupokea amri kwa simu au kwa ratiba, nacho humwambia kiyoyozi azime kama vile mtu angebonyeza. Umeme haukatwi, na kadi ya mtambo hufuata utaratibu wake.

Amri bila uthibitisho

Rimoti ina kasoro moja: husema bila kusikia jibu. Mgeni akitundika taulo mbele ya kifaa, amri haifiki, na ofisini kila kitu kitaonekana shwari. Kwa sababu hiyo mfumo ulio kamili huwa na kipimo cha ampia kwenye waya wa kiyoyozi. Amri ikitolewa na ampia zisishuke, mfumo hurudia amri au humjulisha mhudumu.

Kipimo hicho ndicho sehemu yenye thamani kubwa kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani, kwa sababu hutoa habari za ugonjwa wa mtambo mapema. Kiyoyozi kizima cha kawaida hutoa hewa yenye nyuzi kama 8 hadi 12 chini ya hewa kinayovuta. Tofauti ikipungua na ampia zikawa chini ya kawaida huku kompresa haipumziki, inawezekana gesi imevuja. Ampia zikipanda kuliko siku zote, huenda kipande cha nje kimejaa vumbi au kimezibiwa hewa. Fundi akiitwa wakati huo husafisha au huziba uvujaji. Akiitwa baada ya mwezi, huenda akakuta kompresa imekwisha.

Hali kadhalika, kuna mahali ambapo mfumo unapaswa kuangalia tu bila kuzima. Chumba cha dawa na friza ya samaki ni mifano. Hapo faida ni ujumbe unaomfikia mwenye mali joto linapopanda usiku.

Chumba kina mtu au hakina

Hoteli nyingi zimetegemea kadi ya mlangoni: mgeni huichomeka kwenye kisanduku ukutani ndipo umeme uwake, na akitoka huondoka nayo. Wageni wamekwisha kujua dawa yake. Huomba kadi ya pili, au huchomeka kadi yoyote ya ukubwa ule, na kiyoyozi huendelea siku nzima.

Kihisi cha mwendo peke yake nacho hakifai chumba cha kulala. Mtu aliyelala hatikisiki, na mfumo unaoona kimya hudhani chumba ni kitupu. Mgeni anayeamka usiku wa manane akitokwa jasho hatarudi tena, na hasara hiyo haionekani kwenye LUKU.

Utaratibu bora huunganisha kihisi cha mwendo na cha mlango. Mlango ukifunguliwa na kufungwa, kisha pasionekane mwendo wowote kwa dakika 20, mtu ametoka. Ukifungwa na mwendo ukaonekana ndani, mtu yumo, na mfumo haumgusi hadi mlango ufunguliwe tena. Aidha, mlango wa baraza ukiachwa wazi kwa dakika tano, kiyoyozi huzimwa na huwashwa ukifungwa, kwa kuzingatia zile dakika tatu za kompresa.

Kabla ya kununua chochote, ipo akiba isiyohitaji kihisi: kiwango cha baridi. Nchini India, tangu Januari 2020, viyoyozi vya vyumba vyenye lebo ya nyota hutakiwa kutoka kiwandani vikiwa vimewekwa nyuzi 24. Mtumiaji anaweza kushusha, lakini mahali pa kuanzia ni hapo. Mhudumu anayeacha kila chumba kwenye nyuzi 24 badala ya 18 ameanza kuokoa kabla fundi hajafika.

Intaneti ikikatika

Wazo la kuongoza vyombo vya nyumba kwa mbali si jipya. Mfumo wa X10, uliotumia nyaya za umeme za nyumba kupitisha ishara, ulibuniwa mwaka 1975 na kampuni ya Pico Electronics ya Glenrothes, Scotland. Mfumo huo haukuhitaji mtandao wa nje. Vifaa vingi vya bei nafuu vya leo ni kinyume: amri ya kuzima kiyoyozi cha chumba namba 7 hutoka kwenye simu, huenda kwenye seva iliyoko nchi nyingine, kisha hurudi chumba namba 7.

Tarehe 12 Mei, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora au kukatika Tanzania, Kenya na nchi jirani. Mfumo unaotegemea seva ya ng'ambo kwa kila amri hauwezi kutegemewa katika siku kama hiyo.

Hatari nyingine ni mtengenezaji mwenyewe. Mwezi Mei 2016 vifaa vya Revolv vya Marekani viliacha kufanya kazi baada ya huduma yake kufungwa. Aprili 2022 seva za Insteon zilizimika ghafla, na wateja wakabaki na swichi zisizotii simu hadi kundi la watumiaji lilipoinunua kampuni hiyo miezi michache baadaye. Oktoba 2025 Google iliondoa huduma za mtandao kwa themostati za Nest za matoleo mawili ya mwanzo, ingawa ziliendelea kufanya kazi kwa kuguswa ukutani.

Dawa yake ni kuchagua vifaa vinavyopokea amri ndani ya jengo. Programu ya Home Assistant, iliyoanzishwa mwaka 2013 na isiyolipiwa leseni, huendeshwa kwenye kompyuta ndogo ofisini. Kiwango cha Matter, kilichotolewa mwaka 2022, kinawataka watengenezaji wafanye vifaa vyao vielewane ndani ya mtandao wa nyumba. Umeme wa kompyuta hiyo na wa kisambaza waifai uwekewe betri, kwani umeme ukirudi baada ya kukatika ndipo viyoyozi vyote hutaka kuanza kwa pamoja.

Ushauri kwa wanunuzi na wauzaji

Kwa mwenye jengo, maswali ya kumuuliza muuzaji ni manne. Kwanza, kifaa kinazima kwa amri ya rimoti au kwa kukata umeme? Pili, kikikata, kimeandikwa ampia ngapi kwa mota, na kinachelewesha dakika ngapi kabla ya kuwasha tena? Tatu, kinathibitishaje kwamba mtambo umezimika kweli? Nne, intaneti ikikosekana, ratiba na vihisi vinaendelea kufanya kazi?

Kwa mwenye duka anayefikiria kuagiza bidhaa hizi, soketi za simu ni rahisi kuuza na ni rahisi vile vile kurudishwa zikiwa zimeungua. Faida ya kudumu iko kwenye seti kamili: kifaa cha rimoti, kihisi cha mlango, kipimo cha ampia, na fundi anayejua friji na umeme pamoja. Mteja wa seti hurudi kwa matengenezo.

Kwa mwekezaji mwenye mtaji mdogo, hakuna sababu ya kuanza na vyumba vyote 20. Avifunge vyumba viwili, aweke kipimo tu kwenye vingine viwili vinavyofanana navyo, na alinganishe uniti kwa mwezi mmoja wa joto kati ya Desemba na Machi. Vyumba vilivyofungwa vikila pungufu, na mhudumu wa zamu asipokee lalamiko la mgeni, afunge vilivyobaki. Uniti zisiposhuka, atakuwa amepoteza gharama ya vyumba vinne tu.