Kazi ya Laptopu Haina Bamvua

Tarehe 30 Juni, saa mbili usiku, saiba ninayopiga mboka hapa Shika Adabu, Likoni, hua imejaa mpaka barazani. Wasee wa boda, madem wa saluni, mafundi wanaotoka Dongo Kundu na vumbi lao, wote wanataka kitu moja: ritani ya kodi ya KRA iingie kabla ya saa sita. Mtandao unaburura ju Kenya nzima imerundikana iTax saa hio hio. Na mlango umekuwa wazi tangu 1 Januari. Miezi sita. Kwa msee asiye na kipato, ritani ya sufuri ni dakika chache tu. Ukichelewa, faini ni thao mbili ama asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa. Thao mbili kwa mtaa wetu si mchezo. Huo ni mtaji wa mathe anayepika viazi karai hapo nje.

Nimekaa kwa kiti cha hio saiba misimu minne, na bado sikubali mtu aniambie hawa watu ni wavivu. Huyo wa boda ako feri saa kumi na moja alfajiri kila siku ya Mungu. Kuna zile stori za bara, eti sisi wa Pwani ni polepole, kazi kwetu ni kesho. Naskia vibaya sana nikiziskia, ju ni uongo. Cheki mvuvi wa Mtongwe. Anajua siku za bamvua na za maji mafu venye wewe unajua namba ya simu yako. Maji yakigeuka, anatoka, ata kama usingizi unamvuta. Cheki mama wa mahamri. Unga ukishaumuka umeumuka, haumngoji amalize stori. Hizo kazi zimekuja na saa ndani yake.

Shida iko kwa hizi mboka zetu mpya. Posta ya harusi, siivii, ripoti ya kikundi, kazi za kuandika za onlaini. Faili ukiiacha Jumatatu, Ijumaa unaikuta venye uliiacha. Haichachi wala haiozi. Hakuna maji yanayokupwea. Basi unafungua simu kidogo, unaenda maskani kidogo, na siku imeisha.

Mwaka juzi nilipewa mboka na chama cha akina mama wa mtaa: niwatengenezee alama ya kuweka kwa leso zao. Wakanilipa nusu mapema. Mama mwenyekiti alikuwa akipita saibani kila akitoka sokoni.

“Mwanangu, ile alama yetu imefika wapi?”

“Kesho, mama, inshallah.”

Siku kumi na moja nilimjibu hivyo. Sikuwa nimelala, wala sikuwa bize. Niliogopa. Sikuwa nimewahi kuchora kitu cha watu wazima wanaoniheshimu, na kila nikifungua ule ukurasa mweupe, kifua kinabana, naufunga. Jina la Mungu nikalifanya pazia la kujifichia, na hio ndo inaniuma mpaka leo. Siku ya kumi na mbili niliandika jina la chama tu, herufi kubwa, bila mapambo. Baada ya hapo mkono ukaenda wenyewe. Saa moja na nusu, kazi imeisha. Siku kumi na moja za presha kwa kazi ya saa moja na nusu.

Baadaye nikaja kusoma kuwa kuna wataalamu wameligusa hilo. Mwaka wa 2013 Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Carleton huko Kanada, waliandika kwamba kuahirisha kazi ni njia ya kutibu moyo kwa muda mfupi. Unaikimbia ile hisia mbaya inayokuja na kazi, unapata nafuu sai, deni unamwachia yule wewe wa kesho. Nikasema, huyo ni mimi na ile alama ya leso.

Na tusijidanganye, serikali pia imetufunza vibaya. Kujiandikisha Huduma Namba 2019, mwisho ulikuwa 18 Mei, ukasukumwa mpaka 25 Mei. Kusajili laini za simu 2022, ilikuwa 15 Aprili, ikasukumwa miezi sita. Msee akiona tarehe ya mwisho inasonga kila mara, ataiamini ya nini?

Kwa hivyo mboka kama haina bamvua, uitie mwenyewe. Mwanasaikolojia Mjerumani, Peter Gollwitzer, alionyesha mwaka wa 1999 kwamba mtu akipanga kwa mtindo wa “likitokea hili, nafanya lile”, hufanya kweli zaidi kuliko yule anayesema tu “nitafanya”. Na sisi hapa tumebarikiwa, siku yetu imeshagawanywa na adhana. Sheria yangu ni hii: nikitoka msikitini alfajiri, simu inabaki kwa droo, nafungua faili ile ninayoiogopa zaidi, naandika mstari mmoja. Mbaya ama mzuri, sijali. Ukivuka kuenda kazini kisiwani, ya kwako inaweza kuwa feri: nikikanyaga feri, natoa daftari. Ile foleni ya Likoni tunaitukana kila siku, lakini ni wakati wako pia.

Kitu kingine, usiseme “kesho”. Sema “Alhamisi baada ya laasiri nitakuletea nusu”, na umwambie mtu ambaye utamwonea haya. Mimi sai kila mteja namtumia kipande kabla hajauliza. Mama mwenyekiti ameniletea kazi mbili tangu ile ya leso, na zote nimezimaliza kabla ya siku.

Na kama uko na PIN ya KRA na hujafaili, usingojee Juni. Njoo Jumanne asubuhi, na kitambulisho na paswadi yako ya iTax. Saiba hua tupu, mtandao unakimbia, na nitakufanyia kabla chai yako haijapoa.