Chuo Chenye Hoteli Ndani Yake

Mafunzo ya utalii na ukarimu, yaani yale yanayomwandaa mtu kufanya kazi katika hoteli, migahawa, kambi za mbugani na kampuni za kutembeza wageni, yana ugumu ambao fundi wa kazi nyingine haujui, kwa kuwa huduma hutengenezwa na kutumiwa papo hapo, mteja akiwa anatazama. Seremala aliyekosea kipimo huweza kutafuta ubao mwingine kabla mnunuzi hajafika, lakini mhudumu aliyemmwagia mgeni mchuzi hana nafasi hiyo. Swali la msingi, basi, ni wapi mwanafunzi atakosea bila kumuumiza mgeni, na nani atalipia makosa yake.

Kenya ililijibu swali hilo mapema. Chuo cha Kenya Utalii, kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, kina hoteli yake kando ya Barabara ya Thika, inayopokea wageni wa kweli wanaolipa, na humo wanafunzi hupika, hutandika vitanda na kuketi mapokezi huku walimu wao wakiwaangalia. Kwa upande wa fedha, sheria iliweka tozo ya asilimia 2 juu ya mapato ya hoteli na migahawa, na sehemu yake ikaelekezwa kwenye uendeshaji wa chuo. Tozo ni malipo ya lazima yaliyotengewa kazi maalumu, tofauti na kodi ya kawaida inayoingia katika mfuko mkuu wa serikali, na hekima yake hapa ni kwamba hata mwenye hoteli asiyetaka kufundisha mtu hulazimika kuchangia. Bila hivyo kila mwajiri hungoja mwenzake afundishe, kisha akamnyakua mfanyakazi aliyekwisha kuiva. Udhaifu wake ulionekana mwaka 2020, wakati Uviko-19 ulipofunga hoteli, kwani mgeni asipokuja tozo nayo haiji.

Tanzania, iliyopokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2023, ina Chuo cha Taifa cha Utalii chenye kampasi Dar es Salaam na Arusha, chuo cha hoteli na utalii cha VETA, mamlaka ya ufundi stadi, huko Njiro, Arusha, na Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro kufundisha usimamizi wa wanyamapori. Hata hivyo, jambo linalostahili kutazamwa zaidi ni njia mbili zinazomfuata mtu huko huko kazini. Ya kwanza ni uanagenzi, ambapo kijana hugawa muda wake kati ya darasa na hoteli kwa mkataba unaoeleza atajifunza nini na kwa msimamizi gani, tofauti na fildi ya kawaida ya miezi michache, ambayo mara nyingi humgeuza mwanafunzi kuwa kibarua wa bure wa kuosha vyombo. Ya pili ni urasimishaji wa ujuzi: mpishi aliyejifunza kwa kutazama wenzake hupimwa kwa vitendo na VETA, hufundishwa pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti. Kwa nchi ambayo wahudumu wake wengi hawakupita chuoni, njia hii huenda ikafaa kuliko majengo mapya.

Zanzibar kikwazo huanza kabla ya darasa. Wazazi wengi wamekuwa wakiona kazi ya hoteli, yenye pombe na mavazi ya ufukweni, kuwa haimfai mtoto aliyelelewa katika maadili ya Kiislamu, hasa wa kike, na nafasi nyingi zikachukuliwa na watu kutoka Bara na Kenya waliokuwa na uzoefu na Kiingereza chepesi. Vyuo vya mafunzo ya amali, kama ufundi stadi unavyoitwa visiwani, haviwezi kuliondoa shaka hilo kwa mtaala peke yake. Mzazi anahitaji kuonyeshwa kwamba katika hoteli kuna pia jiko, hesabu, bustani na ufundi wa umeme. Inafaa kukumbuka pia kwamba jina lenyewe la “ukarimu” limeazimwa, kwani mkarimu wa Kiswahili hatozi, wala hapimi mkate kwa gramu, ilhali mtaala humfundisha mwanafunzi kufanya yote mawili huku akitabasamu.

Mafunzo hayaponyi kila kitu. Mhudumu mwenye cheti kizuri anaweza kurudishwa nyumbani bila mshahara masika yanapoingia na hoteli za pwani kufungwa, na hilo ni suala la mikataba ya kazi.

Mzazi anayekusudia kumlipia mtoto ada katika chuo cha hoteli na aulize kwanza mambo matatu: kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, au na mamlaka ya mafunzo ya amali kwa upande wa Zanzibar, ni hoteli zipi hupokea wanafunzi wake, na kama anaweza kuliona jiko la kufundishia likiwa linatumika.